Barua kwa dada, kuhusu ile sauti ya Baba Mdogo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo kiasi, hofu ni kwenu mlio mbali na macho yetu. Mfikishie mama shikamoo yangu kabla hujamsomea barua hii. Ukifika pale ninapomtaja Baba Mdogo, uamue mwenyewe kama utamsomea au utaruka.

Habari ya bati nimeipata na nusu ya hela nimeshatuma. Nusu iliyobaki mnisubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao, na naomba nisiulizwe kabla ya hapo. Zamu za usiku nimeziacha, kwa hiyo unaelewa. Hilo tuliache.

Kilichonishikisha kalamu ni ile sauti aliyoirusha Baba Mdogo kwenye kundi la familia, kuhusu figo niliyompa mke wangu. Nadhani alisahau kwamba wifi yako naye yumo. Aliisikiliza akiwa amekaa kitandani, akairudia, kisha akaniwekea simu mapajani bila kusema neno. Eti kijana wetu katoa figo yake nzima, mwenzake kashindwa kuitunza. Siku tatu sikuweza kuandika kwa hasira.

Dada, hakuna ambacho hajakitunza. Dawa za kushusha kinga anameza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, miezi 11 sasa, na hajaruka dozi hata moja. Nasema hivyo daftari likiwa mbele yangu, maana mwandishi ni mimi: joto la mwili, presha, uzito, mkojo, kila siku na mstari wake. Siku ya kipimo cha damu dozi ya asubuhi haimezwi mpaka damu itolewe kwanza, la sivyo kiwango cha takrolimasi, moja ya dawa hizo, kitasomeka uongo. Basi siku hizo vidonge navibeba mimi kwenye mfuko wa shati, na nesi akishachomoa tu sindano namkabidhi pamoja na maji.

Baba Mdogo anaposikia "mwili umekataa figo", anadhani kuna mtu amekataa. Mwili hauulizwi. Daktari alinisimulia wale mapacha wa Boston wa mwaka 1954, ambao upandikizaji wao wa figo ndio wa kwanza uliofanikiwa. Wale hawakuhitaji dawa hizi kwa sababu walikuwa pacha wa kufanana kabisa, mwili wa mgonjwa haukuona mgeni. Lakini hata mimi na wewe, tulionyonya ziwa moja, ningekupa figo yangu ungemeza dawa maisha yako yote. Sembuse mke wangu, ambaye hatuna tone la damu moja.

Na ilipotokea, ni sisi tulioiwahi. Mwezi wa nane uzito wake ulipanda kilo 2 kwa siku mbili, na ukimbonyeza mguuni kidole kinaacha shimo. Mwenyewe alijisikia mzima, akataka tungoje kliniki ya wiki inayofuata. Mimi nikapiga simu wodini usiku ule ule. Kreatinini, ule uchafu wa damu ambao ukipanda unaonyesha figo inashindwa kuusafisha, ilikuwa imeruka kutoka 118 hadi 290. Wakachukua kinyama cha figo kwa sindano, na majibu yakathibitisha kwamba kinga inaishambulia. Daktari mkubwa alilishika daftari langu, akalifunua ukurasa kwa ukurasa mbele ya wenzake, akanipa mkono. Alisema lile daftari ndilo lililoiwahisha figo. Siku hizi wakija wenza wa wagonjwa wapya, nesi ananiita niwaonyeshe ninavyolipanga. Mwambie mama hivyo hivyo nilivyoandika.

Dripu ya steroidi, dawa kali ya kutuliza kinga, ilikwenda siku tatu. Figo ikatulia, lakini sukari ikapanda, na sasa anachoma insulini. Uso ulimvimba hadi akakiondoa kioo chumbani. Takrolimasi nayo inamtetemesha mikono. Lile sanduku la dawa lenye vyumba vya siku saba anapolishika unasikia vidonge vinagongana ndani, na vifungo vya gauni namfungia mimi. Yule unayemjua wewe, aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano bila hata kuangalia.

Sasa fika karibu, maana hili sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani. Baada ya ile dripu akaanza kuharisha na kuishiwa nguvu, hata kwenda msalani ananishikilia. Wakapima, wakakuta kirusi kinachoitwa saitomegalo. Watu wengi tunacho, tunakipata tangu utotoni, kinajikalia kimya mwilini bila kutusumbua. Mimi ninacho. Yeye hakuwa nacho. Kilisafiri ndani ya figo yangu. Madaktari walilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana alimeza dawa ya kukizuia miezi 6 ya kwanza. Dawa ilipoisha, na kinga ikashushwa tena kwa ajili ya ule ukataaji, kikapata nafasi.

Kwa hiyo ukitafuta nani kamletea mwenzake ugonjwa, ni mimi. Nilipomwambia hivyo huku nalia, alinijibu bila hata kufungua macho: "Hata uhai umekuja ndani ya hiyo hiyo." Akaendelea kulala, mkono wake upo pale chini ya tumbo, upande wa kulia, ilipowekwa. Ndivyo anavyolala kila siku.

Kumtibu hapo ni mtihani. Wakipunguza dawa za kushusha kinga ili mwili upambane na kirusi, kinga hiyo hiyo inaweza kuirudia figo. Wakiziongeza, kirusi kinatamba. Wanapima, wanarekebisha kidogo, wanapima tena. Kirusi sasa kimeshuka hadi hakionekani kwenye kipimo. Kreatinini imesimama 168. Huenda isirudi tena 118, tumeshaambiwa, na tumelipokea.

Ule unga wa mizizi uliompa yule kijana atuletee, umefika. Usinikasirikie dada, sijampa. Najua ulivyohangaika kuupata, na nimeuweka juu ya kabati kwa heshima yako. Takrolimasi inavunjwavunjwa na ini, na kitu kidogo tu kinaweza kuivuruga. Hata balungi amekatazwa. Dawa ikipanda sana kwenye damu inaiumiza figo, ikishuka figo inashambuliwa. Siwezi kubahatisha.

Mama asiwe na wasiwasi na mimi. Figo iliyobaki imejitanua kidogo kubeba kazi ya mwenzake, nimepangiwa kupimwa kila mwaka, na kovu lenyewe siku hizi hata silisikii. Nipo imara. Ila alfajiri, nikiwa nimekaa nangoja saa mbili ifike, nasikia mfagio wa mama uani kama vile yuko nje ya dirisha hili. Mwaka huu siji. Nilitamani sana nije.

Mambo ya mpaka wa shamba msinisubiri. Gaweni, mimi nipeni popote, hata kule kisimani kusikotakiwa na mtu. Sitafungua mdomo.

Kwa Baba Mdogo naomba kimoja tu. Asinitumie mimi radhi, na asipitie kwako. Ampigie wifi yako mwenyewe, kwa sauti yake, amwambie. Apige Jumamosi baada ya saa nne asubuhi, ndio muda anakuwa na nguvu ya kuongea. Jumanne asijaribu, tunakuwa kwenye kipimo cha damu na simu anaizima.

Ni mimi mdogo wako,
baba wa wale wawili