Farasi wa kukodi afundishwe kwa mkono kabla ya kupandwa na mtoto

Mhariri,

Katika toleo la juma lililopita msomaji wako mmoja alisimulia jinsi bintiye alivyoanguka kutoka mgongoni mwa farasi wa kukodi wakati wa likizo, akaimalizia barua yake kwa kutukumbusha kwamba shukrani ya punda ni mateke, na kwamba farasi naye ni punda tu aliyevishwa tandiko la bei ghali. Nampa pole mzazi huyo, na nimefurahi kusoma kuwa mtoto hakuvunjika mfupa. Hata hivyo, nimefanya kazi ya usaisi, yaani ya kutunza na kufundisha farasi, kwa miaka 31, mingi yake katika mabanda ya Karen na Ngong na minne huko Oman, na nilipoirudia barua ile niliona kwamba mwandishi mwenyewe, pasipo kukusudia, ameeleza kilichosababisha ajali. Anasema farasi alianza kurudi nyuma mtoto akiwa bado anapandishwa. Saisi akamvuta kwa lijamu, kile chuma cha mdomoni. Farasi akatupa kichwa juu, akageuka ghafla, na mtoto akaporomoka upande wa pili. Kwa mtu wa banda, hizo ni dalili za farasi ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kusimama wala kuielewa kamba kabla ya kumtwika mtu.

Mafunzo hayo ndiyo tunayoyaita kazi ya mkono. Ni yale yote ambayo farasi huyapata mwalimu wake akiwa amesimama chini, kando yake au nyuma yake, akiwa na kamba, hatamu na ufito mwembamba unaotumika kama kidole kirefu. Msingi wake ni mdogo kiasi kwamba wageni hudhani tunawatania. Naishika kamba karibu na kidevu cha farasi, naisogeza kidogo kuelekea kifuani mwake kwa nguvu ile ile ambayo ningemshikia mtoto mkono sokoni, kisha nangoja. Simvuti wala simkemei. Huenda akainua kichwa, akaiegemea kamba, akageuza sikio moja kunisikiliza. Nami nabaki pale pale bila kuongeza wala kupunguza. Pindi atakapoupeleka uzito wa mwili wake nyuma, hata kama kwato haijainuka, nafungua vidole mara moja. Kule kufungua vidole ndiko somo lenyewe, kwa kuwa farasi hutambua kwamba unafuu ameupata kwa tendo lake, na mara ya tatu au ya nne atarudisha mguu kabla kamba haijakaza. Saisi anayechelewa kuachilia kwa sekunde mbili tu huwa amemfundisha jambo jingine kabisa, na yule anayevuta bila kuachilia huwa amemfundisha kuvutana, ilhali mtu wa kilo 70 hana mashindano ya kuvutana na mnyama wa kilo 450.

Nitatoa mfano mmoja ninaoujua vizuri. Katika banda moja nililowahi kuajiriwa, ambalo sitalitaja, aliletwa farasi jike wa rangi ya kahawia iliyokolea, aliyestaafishwa kutoka kwenye mbio. Farasi wa mbio huweza kuanza kushindana akiwa na umri wa miaka miwili, wakati mifupa ya uti wa mgongo wake haijakomaa na haitakomaa mpaka apite miaka mitano. Amezoea kubeba mtu mwepesi na kutoka shoti anapofunguliwa. Kusimama kimya huku mtoto anampiga visigino ubavuni ni jambo ambalo hajaombwa hata siku moja. Nilimwomba mwenye banda anipe wiki sita. Ilikuwa Desemba, wageni walikwisha lipa, nikapewa siku mbili. Siku ya tatu jike yule alimwangusha kijana wa miaka 12, akavunjika kifundo cha mkono, na jioni ile mnyama alichapwa mbele ya wenzake kama mwizi wa kuku. Mimi sikumchapa, lakini nilikuwapo na sikusema neno, kwa sababu Januari ilikuwa inakuja na nilikuwa na karo ya kulipa.

Msimu ulipokwisha nilizipata wiki zangu sita, maana hapakuwa na mgeni aliyemtaka tena. Siku ya kwanza hatukufanya lolote ila kutembea hatua kumi na kusimama, hatua kumi na kusimama, labda mara mia moja, katika ua usio na kivuli. Mwanzoni alinipita kila niliposimama, na mara mbili alinikanyaga mguu. Kufikia adhuhuri alikuwa anayatazama mabega yangu na kusimama kabla sijaigusa kamba. Siku zilizofuata nilimfundisha kuyaondoa makalio yake nilipomgusa ubavuni kwa ncha ya kidole, ili mguu wa nyuma upite mbele ya mwenzake. Sikuhitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa ngozi ya farasi huhisi nzi mmoja akitua. Upande wa kushoto alilielewa somo siku ya nne. Upande wa kulia ilinibidi nianze upya, kana kwamba nimeletewa farasi mwingine, na hilo huwatokea karibu wote, kwa sababu sisi huwashika, huwavisha na huwapanda kwa upande wa kushoto peke yake, desturi tuliyoirithi kwa askari wa zamani waliovaa panga kwenye nyonga ya kushoto. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso wake na nyuma kabisa ya mkia, na jambo alilolizoea kwa jicho moja inafaa aonyeshwe tena kwa jingine.

Kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ile ngazi ya mbao ya kupandia. Kila alipoiona alitetemeka kuanzia mabegani, na sikumlaumu, kwa kuwa kila kilichompata Desemba kilianzia hapo. Nilimleta mpaka umbali aliouweza, nikamsimamisha, nikamwondoa kabla yeye mwenyewe hajaomba kuondoka, nikamrudisha. Ilichukua siku tisa kuimaliza mita nne. Siku ya kumi nilipanda juu ya ngazi, nikaiegemeza mikono yangu mgongoni mwake, nikashuka. Akapumua kwa nguvu kupitia puani, akainamisha kichwa.

Kuhusu kamba ndefu ya kuzungushia sitasema mengi, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo kila mtu hudhani anaijua. Kumkimbiza farasi kwenye duara dogo mpaka achoke ni kumchosha tu, na viungo vya miguu huumia. Mimi hupendelea duara la mita 20, nusu ya muda kila upande, na dakika 15 zinatosha. Kamba hukunjwa mkononi kwa mikunjo mirefu, isizungushwe kiganjani hata kwa bahati mbaya, kwani wako masaisi waliopoteza vidole hivyo. Hatua iliyofuata ilikuwa ya hatamu ndefu mbili, ambapo mwalimu hutembea nyuma kidogo na kando ya farasi, akimwongoza kama anavyoongozwa na mpandaji, ila mgongoni hamna mtu. Kwa njia hiyo jike yule alipita sokoni, akapita mbele ya bodaboda zilizoegeshwa na gari la maziwa lililokuwa linapakuliwa, na kila aliposhtuka aliyekuwa hatarini ni mimi, mtu mzima niliyevaa buti, wala si mtoto wa mgeni. Nilipompanda katika wiki ya sita hapakutokea jambo lolote la kusimulia.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni mbwembwe za mtu mmoja. Katika mji wa Vienna, nchini Austria, ipo Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi, ambayo historia yake inarudi nyuma hadi karne ya 16. Madume yao meupe ya aina ya Lipizza hufundishwa ile miruko mashuhuri kwa mkono kwanza, mwalimu akiwa ardhini, ndipo wapandwe, na katika maonyesho yao lipo onyesho zima ambamo mpandaji hutembea nyuma ya farasi kwa hatamu ndefu. Ufaransa, mwalimu Antoine de Pluvinel, ambaye mwanafunzi wake mmoja alikuwa Mfalme Louis wa 13, aliwafundisha farasi kati ya nguzo mbili bila kuwatesa, katika zama ambazo kumvunja mnyama kwa nguvu ndiyo ilikuwa sifa ya mpandaji. Mwaka 2015 UNESCO iliuingiza ufundi wa Vienna katika orodha ya urithi wa binadamu. Miaka mitatu baadaye ikaingia ardha ya farasi na ngamia ya Oman, ambayo nimeishuhudia kwa macho yangu: wapandaji wawili wakienda shoti sambamba, mmoja amesimama wima juu ya tandiko. Mambo ya namna hiyo hayaanzi juu ya tandiko.

Huko Oman msimamizi wetu alikuwa mzee aliyezaliwa Unguja, ambaye Kiswahili chake kilinifanya nione haya kwa changu. Kila saisi mgeni alimpa mtihani mmoja. Alikata kipande cha uzi wa kushonea nguo, akaufunga kati ya hatamu na kamba, kisha akamwambia saisi amtoe farasi bandani, azunguke naye kisima na kumrudisha. Uzi wangu ulikatika nikiwa bado mlangoni. Nilikuwa na miaka 17 ya kazi wakati huo, na nilirudishwa kufagia kwa wiki mbili, huku kila alasiri nikifunga uzi mpya.

Nirejee kwenye methali ya msomaji wako, kwa kuwa ni neno linalotugharimu. Lugha yetu imejaa punda, na farasi ni wachache ndani yake, kwa sababu inayoeleweka: ugonjwa wa nagana ulioletwa na mbung'o, pamoja na maradhi ya farasi yanayoenezwa na usubi, ziliwamaliza farasi katika nchi nyingi za tambarare, ndiyo maana hapa kwetu wamestawi zaidi nyanda za juu. Punda alistahimili, tukaishi naye, tukamtungia maneno. Lakini methali hiyo, pamoja na ile isemayo kuwa punda haendi bila kigongo, zilitungwa na mshika kigongo. Nimewaona Lamu vijana wakimwongoza punda mwenye shogi la mchanga katika vichochoro ambamo watu wawili hawapishani, kwa mlio wa ulimi na mkono uliowekwa shingoni, na hakuna aliyepigwa teke. Mateke mengi niliyoyaona katika maisha yangu yalimpata mtu aliyetokea nyuma ya mkia kimyakimya, mahali ambapo mnyama hamwoni.

Ombi langu kwa serikali za kaunti zinazotoza ada biashara hizi za farasi wa kukodi, kuanzia Ngong mpaka Naivasha, ni dogo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inamwadhibu anayempiga mnyama kikatili au anayemtwika kupita kiasi, nayo ni sheria njema, ila humfikia mwenye farasi baada ya kiboko kushuka. Kabla ya leseni kutolewa, mkaguzi na aonyeshwe kila farasi akiwa chini, mkononi mwa saisi wake. Naelewa kwamba wenye mabanda watasema wiki sita za farasi asiyeingiza kitu ni hasara, na kwa hesabu za Desemba moja wanasema kweli. Jike niliyemsimulia alibeba watoto kwa miaka minane baada ya hapo, na wenye hesabu wanaweza kuzifanya hizo pia. Vilevile saisi anayeijua kazi hii asilipwe ujira wa mfagia samadi, maana ndiyo sababu wanaoijua vizuri wanaishia Ghuba, na watoto wetu wanapandishwa farasi na kijana aliyeajiriwa Jumatatu.

Wakati tunangojea kaunti, mzazi asiyemjua farasi hata kidogo anaweza kumkagua mwenyewe kwa dakika tatu, kabla ya kutoa pesa. Mwombe saisi atembee na farasi hatua kumi kisha asimame, nawe uitazame kamba: isikaze. Mwombe amrudishe nyuma hatua mbili, ainue kwato zote nne moja baada ya nyingine, kisha amsimamishe kando ya ngazi ya kupandia na kuilegeza kamba kabisa wakati wewe unahesabu polepole hadi 30. Farasi aliyefundishwa atalifanya hilo huku anasinzia. Pasaka iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu mahali fulani, nikaomba nionyeshwe hayo, saisi akacheka, akaniuliza kama nimekuja kununua farasi au kumpandisha mtoto. Tulikwenda kula aiskrimu.

Saisi mstaafu,
Ngong, Kaunti ya Kajiado