Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kupima Sayari

Ndugu wanachama wa chama chetu cha astronomia,

Nawasalimu nyote mliofika ukumbini, pamoja nanyi mtakaoisoma taarifa hii mkiwa Jinja, Mbarara na Arua.

Kazi yetu ya mwaka huu ilitokana na swali la msichana mmoja tulipotembelea shule huko Entebbe: "Mwalimu, sayari hizo mnazipima kwa mizani gani?" Nilimjibu kwamba Proxima b, sayari ya nyota Proxima Centauri, ina tungamo (yaani kiasi cha mata kilichomo) la Dunia mara 1.3, nikaishia hapo. Jibu hilo lilikuwa na kasoro. Nililiacha neno "angalau", na bila neno hilo nilikuwa nimempa mtoto yule habari isiyo kweli. Ndiyo maana niliiomba kamati tutumie vikao vya mwaka huu kujifunza jambo hili kwa makini.

Wengi wenu mnakumbuka mfano tuliouanza nao. Mzazi akimshika mwanawe mikono na kumzungusha uwanjani, mzazi naye hasimami tuli, huvutwa huku na huku. Nyota nayo huvutwa hivyo na sayari yake. Dunia hulisogeza Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, mwendo mdogo mno kuupima. Lakini Proxima Centauri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2, ni nyota kibete nyekundu yenye tungamo la takriban asilimia 12 ya Jua, na sayari yake huizunguka kwa siku 11.2 tu. Hapo nyota huyumba kwa mita 1.4 hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni kwa miguu. Chombo cha HARPS kilichoko La Silla, Chile, kiliuona mwendo huo ndani ya nuru yenyewe, ambayo huelekea kidogo kwenye bluu nyota inapotukaribia na kwenye nyekundu inaporudi nyuma. Kundi la mwanaastronomia Guillem Anglada-Escudé lilitangaza matokeo Agosti 2016.

Kikao cha Juni sitakisahau. Tuligawana karatasi za grafu na vipimo vile vya HARPS, kila meza kalamu nyekundu moja. Kwa mpangilio wa tarehe, nukta zilitawanyika kama mtama uliomwagika sakafuni. Meza ya dirishani wakazipanga kwa mzunguko wa siku 12, yaani nukta za kila siku 12 zikilazwa juu ya zilizotangulia, hakikuonekana kitu. Wakarudia kwa 11.2, na wimbi likajitokeza, linapanda na kushuka. Umeme ulikuwa umekatika, tukamalizia kwa tochi za simu, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Sasa "angalau" inatoka wapi? Njia hii hupima tu mwendo wa kuja kwetu na kutuacha. Mzingo, yaani njia ya sayari kuizunguka nyota, ukiwa umeinama, sehemu ya mwendo huo hatuioni, na sayari yaweza kuwa nzito kuliko hesabu inavyosema. Mwaka 2020 chombo cha ESPRESSO kilileta hesabu ya tungamo la Dunia mara 1.17 kwa Proxima b. Hiyo nayo ni angalau.

Kwa nyota ya TRAPPIST-1, katika kundinyota la Ndoo, hali ni tofauti. Sayari zake 7 hupita mbele ya nyota, kwa hiyo ukubwa wake unajulikana. Tena zimekaribiana hata zinavutana, moja ikawahi au ikachelewa kwa dakika kadhaa kupita mbele ya nyota. Kutokana na dakika hizo wanaastronomia wamepata tungamo la kila moja: sayari e, kwa mfano, ni takriban 0.69 ya Dunia. Ukijua ukubwa na tungamo unapata densiti, yaani jinsi mata ilivyoshindiliwa, na densiti ndiyo inayokuambia kama ni jabali au la. Kwa maoni yangu hii ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa za astronomia ya zama zetu.

Nyota zenyewe hudanganya pia. Sayari ya Gliese 581 d, katika kundinyota la Mizani, ilitangazwa mwaka 2007. Mwaka 2014 uchambuzi mpya ulionyesha kwamba dalili zake zilitokana na shughuli za sumaku juu ya nyota, si na sayari.

Ule mjadala wetu wa kutumia neno "uzito" au "tungamo" tumeufunga. Uzito wa jiwe hubadilika ukilipeleka Mwezini, tungamo halibadiliki. Tutasema tungamo.

Kuhusu mali ya chama: kioo cha darubini yetu kimeingia kuvu kwa unyevu wa ziwa. Nawaomba ambao hawajalipa ada walipe, tukisafishe na kununua vifuko vya kukausha unyevu kabla ya mvua za Machi.

Kikao cha kwanza cha mwaka mpya kitahusu nyota ya Barnard, iliyo miaka ya nuru 6 kutoka kwetu, na sayari zake 4, zote bado zikiwa na tungamo la "angalau". Njooni na karatasi ya grafu na kalamu nyekundu. Yule msichana wa Entebbe tumemwalika pamoja na mwalimu wake, na jibu lake nitalianza upya mimi mwenyewe.

Mwenyekiti