Rafu Iliyomwangukia Karani

Kisumu,
Jumapili usiku

Swahibu,

Salamu kutoka huku ziwani. Mvua imeondoka na stima tangu saa kumi, kwa hivyo nakuandikia kwa mwanga wa simu. Utanivumilia mwandiko.

Umeniuliza mbona nimerudi kwa E. M. Forster, yule mwandishi Mwingereza niliyemwita wa chai na biskuti tulipokuwa chuoni. Ni kwa sababu ya riwaya yake Howards End. Ilitoka 1910, Waliberali wakiwa madarakani Uingereza, miaka minne tu baada ya kuzoa karibu viti 400 bungeni. Mwaka 1924, alipotoa riwaya ya A Passage to India, chama hichohicho kilitoka uchaguzini na viti 40. Sababu tulizikariri sote: vita, ugomvi wa viongozi wake Asquith na Lloyd George, wafanyakazi kuhamia chama cha Leba. Ila Forster, mliberali mwenyewe, aliuona ufa mapema, tena akiwa ndani ya nyumba.

Mkumbuke yule karani maskini wa Howards End, Leonard Bast. Kina dada wa Schlegel, wenye pesa zao, wanampokea kwa moyo safi kabisa, wanazungumza naye vitabu na muziki. Kisha tajiri mmoja anawadokezea kwamba kampuni ya bima anakofanya kazi Bast itaanguka, nao wanamhimiza aondoke. Anaondoka, anapata kazi benki kwa mshahara mdogo, nayo inamponyoka. Kampuni ile wala haikutikisika! Mwishowe Bast anakufa kwa moyo, kabati la vitabu likimporomokea. Nikiwa na miaka ishirini niliona huo ni mzaha uliopita kiasi.

Sasa nina Bast wangu. Jirani yangu alikuwa kibarua wa kiwanda fulani. Nilisikia fununu kwamba kitafungwa, nikamwambia atoke mapema, mtu huru hangoji kufukuzwa. (Sentensi hiyo niliipenda mwenyewe.) Akatoka, akachukua pikipiki kwa mkopo. Kabla ya Krismasi waliomkopesha walikuja kuikokota. Kiwanda kingali kinatoa moshi, na mshahara wangu haujachelewa hata mwezi mmoja.

Forster alirithi pauni 8,000 kutoka kwa dada ya nyanya yake, na hakujifanya hajui maana yake. Margaret Schlegel anakiri kwamba watu wa namna yao wamesimama juu ya pesa kama juu ya visiwa. Sisi wa ziwani hatuhitaji kufafanuliwa: aliye kisiwani anajadili uhuru, aliye majini anatafuta kamba.

Sisemi tumtupe. Wanaoucheka uliberali siku hizi, wale wa mkono wa chuma, kamba hawana pia. Na hakudanganya kuhusu urafiki: mwishoni mwa A Passage to India, Aziz Mhindi na Fielding Mwingereza wanautamani, lakini farasi wao wanatengana njiani, maana nchi ya mmoja inatawala ya mwenzake. Wewe uliwahi kusema mwisho ule ni woga. Mimi naona ndipo alipokuwa jasiri zaidi.

Jirani bado ananiita mwalimu. Jana aliniuliza kama kujifunza udereva wa lori ni wazo zuri. Nikamjibu sijui. Halafu nikamuuliza karo ni pesa ngapi.

Ukija Desemba, niletee nakala yangu. Hii ni ya maktaba na wanaidai.

Ni mimi,
mwenzako wa dawati la nyuma