Kabla ya kiboko, muulizeni analalaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu, na wazazi pia. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa kijana wa sekondari mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira za haraka, majibu ya mkato, madaftari matupu na kusinzia darasani. Sisi tunaandika "mtovu wa nidhamu", faili linafungwa.

Wengine huumwa. Leo tumbo, kesho kichwa. Zahanati wanapima malaria, hawaoni kitu, anarudishwa bwenini na vidonge vya maumivu. Akienda mara ya tatu anaitwa mtegaji. Maumivu yale anayasikia kweli.

Kununa siku mbili tatu ni ujana tu. Lakini aliyekuwa haachi mpira sasa hataki hata kuugusa, usiku hapati usingizi, chakula anakiacha, marafiki anawakwepa, na wiki mbili zimepita akiwa hivyo: huyo apelekwe hospitali, si kwa mwalimu wa nidhamu. Akianza kusema yeye ni mzigo kwa watu, au akigawa vitu vyake, msingoje hizo wiki mbili. Muulizeni waziwazi kama amewaza kujiua. Wazazi wengi wanaogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Halimpi, mara nyingi ndipo anapoanza kusema.

Wapo watakaodai enzi zao hakukuwa na sonona. Wakumbuke wenzao walioacha shule kidato cha pili, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, yaani umri uleule tunaokaa nao sekondari.

Kanuni za viboko shuleni zinataka kila adhabu iandikwe kwenye daftari: jina, kosa, idadi ya viboko. Mimi viboko sivipendi, ila maadamu daftari lipo, Wizara iongeze safu moja ijazwe kabla ya adhabu: mwanafunzi analalaje, nyumbani kuna msiba au ugomvi gani, tangu lini amebadilika.

Na ile namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kupiga ni bure, ibandikwe milangoni mwa mabweni. Ofisini kwa mkuu wa shule hakuna mwanafunzi atakayeisoma.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro