Sh 80,000 kwa folda tu?

"Folda si unabofya tu, fundi? Ndiyo elfu themanini?" Swali hili, la bei ya kupanga folda za NAS (kile kiboksi cha diski kinachotunza mafaili ya nyumba au ofisi nzima kupitia mtandao), haliishi dukani kwetu, na juzi mteja mmoja ameliandika hadharani akasema tumempiga. Jina lake tunalihifadhi. Ila jibu tunaliweka hapa, maana tumechoka kulirudia kaunta.

Kwanza lalamiko lake la diski. Alinunua NAS na diski mbili za TB 4, akategemea kuona TB 8, akaona 3.6. Hakuna aliyekula diski yako, kaka. Tumeziweka RAID 1, yaani kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Na hiyo 3.6 ni kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na kompyuta inahesabu kwa 1,024.

Sasa folda. Kuitengeneza kweli ni dakika moja, wala hatukutozi kwa hiyo. Unalipia kazi ya kupanga nani aone nini, nani aandike, nani asome tu, halafu kuhakikisha kila kompyuta ndani ya nyumba inautii mpango huo. Chukulia nyumba moja ya Raskazone, hapa Tanga, tuliyofanya kazi: folda ya hati inafunguka kwa baba na mama peke yao, ya picha wote wanaona ila wanaoweza kufuta ni wawili, ya sinema watoto wanasoma tu, na televisheni ina akaunti yake ambayo haiwezi kuandika popote. Kila mtu na jina lake na paswedi yake. Ruta nayo tunaiambia NAS iwe na namba ileile ya mtandao (IP) siku zote. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa namba upya, ile ya NAS ikaangukia kwenye simu ya mgeni, na wewe unatupigia kwamba folda zimepotea.

Muda mwingi unaliwa na majaribio. Windows haikubali kompyuta moja iingie kwenye NAS ileile kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na paswedi ikishahifadhiwa inaendelea kuitumia kimyakimya. Ofisi moja pale Chumbageni bosi aliingia kwa jina lake kwenye kompyuta ya mapokezi, mara moja tu, achape barua, akaacha tiki kwenye kile kiboksi cha kukumbuka. Dada wa mapokezi akawa anafungua folda ya mishahara kama ya kwake. Ndiyo maana tunakaa kwenye kila mashine, tunafuta paswedi za zamani, tunaingia kama kila mtumiaji na kujaribu kufungua asichoruhusiwa. Ikikataa, ndipo tunahamia mashine inayofuata.

Njia ya mkato mnayoipenda ni hii: "Wafungulie wote bila paswedi, hapa ni nyumbani." Inafanya kazi vizuri mpaka Windows ijisasishe. Windows 11 Pro toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, haikuruhusu kuingia kwenye folda kama mgeni asiye na paswedi mpaka ubadilishe mipangilio yake. Asubuhi folda haifunguki, lawama kwa fundi. Kijana wa nyumbani anaingia YouTube, anazima ulinzi, na akikosea zaidi anawasha SMB1, njia ya kizamani ya kugawana mafaili ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017 na kufunga mafaili ya watu dunia nzima. Virusi vya aina hiyo vinafunga chochote ambacho laptopu yako inaruhusiwa kuandika. Ukiwapa wote ruhusa ya kuandika, basi na kirusi umekipa.

Wala si lazima kirusi. Studio moja ya picha Ngamiani iliweka NAS yake yenyewe, kila mfanyakazi na ruhusa zote. Kijana mgeni akaona nafasi imejaa, akafuta folda iliyoandikwa "harusi za zamani". Ndani mlikuwa na harusi ambayo albamu yake haijachapwa bado. Kitu ukikifuta kwenye NAS kupitia mtandao hakiendi kwenye kile kikapu cha takataka cha laptopu yako. NAS ina kikapu chake, na pale hakikuwa kimewashwa. RAID nayo ikatii, ikaifuta folda hiyo kwenye diski zote mbili. Diski zikapelekwa Dar kwa watu wa kurejesha data, na picha zilizorudi hazikuwa na majina: bibi harusi, gari la maua na sinia za pilau zimechanganyika na vipaimara vya mwaka juzi. Gharama ya kurejesha ilikuwa mara kadhaa ya hii elfu themanini inayolalamikiwa, na mama wa bibi harusi alikuwa amekaa kwenye benchi la studio anasubiri maelezo.

Wale wanaotaka mtoto aliyeko Dar naye aone folda, msimfungulie mlango kwenye ruta moja kwa moja. Januari 2022 kirusi kingine, Deadbolt, kilizifunga NAS nyingi za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti. Tunaweka VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali, na bei yake ni nyingine. Kebo pia ni bei nyingine, na tafadhali NAS ichomekwe kwa kebo kwenye ruta, msituite kuja kutibu waifai.

Ukija, njoo na orodha ya majina ya watumiaji na nani asione nini. Mkubaliane nyumbani kwanza. Wapo wanaotuvuta pembeni tumfiche mwenzao folda, na hilo hatulifanyi mpaka wenye nyumba wote wawili waseme. Uje pia na diski ya nje kwa ajili ya bekapu, maana RAID si bekapu. Si lazima uinunue kwetu.