Mdogo wangu, stata ya Mzee usiitupe

Mdogo wangu,

Mama kaniambia umepata fundi wa kuitoa stata (mota ya kuwashia injini) ya Land Rover ya Mzee na kufunga ya Kijapani, hata kama itabidi akate chuma. Simu hupokei, basi nakuandikia hapa.

Stata ile haijafa. Siku ya arobaini uliigonga kwa nyundo mbele ya wajomba, gari likawaka, ukawageukia ukasema, "Mzee katuachia chuma chakavu." Neno lile sijalisamehe. Tena hukuelewa hata kilichotokea: kaboni (kipande kinachopitisha umeme) iliyokuwa imekwama ilitikisika ikagusa amecha (sehemu ya stata inayozunguka), basi. Endelea kugonga uone kama hutapasua kifuniko cha nyuma, ndipo utapata sababu ya kuitupa.

Anza na umeme. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6, na stata ikipigwa isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri ikiwa nzima na injini inazunguka kwa uvivu, pima kati ya mwili wa stata na nguzo ya betri iendayo ethi (kwenye chuma cha gari), mwenzako akipiga stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi ndiyo mbovu. Angalia mkanda wa waya kati ya giaboksi na chesisi. Ukiliwa na kutu, umeme hupita kwenye kebo ya choki na kuichoma. Na hiyo Land Rover ni Series IIA ya 1964, ethi yake ni chanya, yaani nguzo ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chuma. Anayekwambia kugeuza betri kutaizungusha stata kinyume hajui: koili zake zimeungwa mfululizo na amecha, itazunguka upande uleule. Utakachoharibu ni chaji ya dinamo, ile inayojaza betri.

Ukiishusha (betri uwe umeichomoa!), tazama kaboni. Ziko nne. Zikipungua chini ya milimita 8, badilisha zote. Shaba ya amecha isugue kwa msasa laini wa kioo. Emeri usiguse, punje zake hunasa kwenye shaba na kula kaboni mpya. Maika (kizuia umeme) iliyo kati ya vipande vya shaba usiichimbe, hiyo hufanywa kwenye dinamo, si kwenye stata. Bushi mpya (pete inayoshikilia shafti ya amecha) ilaze kwenye oili safi ya injini saa 24 kabla ya kuipigilia. Bushi ikilegea, amecha hukwaruza ndani na stata hunywa umeme bila nguvu.

Sasa bendeksi, yaani kigia cha stata na hesi (nyuzi za skrubu) kinachopandia, ambayo ndiyo iliyotugombanisha. Kile kigia hakisukumwi na solenoidi (swichi ya sumaku). Amecha ikizunguka ghafla, chenyewe hubaki nyuma kwa uzito wake, kikapanda hesi hadi kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini). Ukipaka grisi, vumbi la klachi linaganda, kigia hakipandi, unasikia stata inavuma peke yake. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, rudisha. Ndiyo maana nilimnyang'anya fundi wako kopo la grisi pale uani. Ulisema nimekuaibisha. Nilikuwa naokoa stata, na ningefanya vilevile leo.

Kigia kikinasa kwenye meno, acha nyundo. Tia gia ya nne, swichi ikiwa imezimwa, usukume gari mbele na nyuma. Au fungua kikofia cha nyuma ya stata, kuna ncha ya mraba, izungushe kwa spana. Kikinasa mara kwa mara, kagua meno ya flaiwili huku ukizungusha injini kwa hendeli. Injini ya silinda nne husimama karibu sehemu mbili zilezile, na hapo ndipo meno huliwa.

Wewe una mikono mizuri kuliko mimi, Mzee mwenyewe alikusifu. Kadi ya gari ninayo, na sikuishika kwa choyo. Niliishika kwa sababu uliongea na mnunuzi kabla hata tanga halijaanuliwa. Nani angekuachia?

Ifungue stata, osha bendeksi, badilisha kaboni. Ukishairudisha, nitakuja tupime volti pamoja. Ikizungusha injini bila nyundo, kadi utaichukua siku hiyohiyo.