Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2024

Wanachama wenzangu wa klabu ya pikipiki, habari zenu. Safari za kawaida mnazijua, Magadi, Suswa mara mbili, Ol Kalou, na yale mafunzo ya huduma ya kwanza, zote zilienda poa na nashukuru waliofika.

Sasa wacha niongee juu ya safari ya Julai ya kwenda Njabini, maana nimesemwa sana kwa kuirudisha njiani.

Tulitoka Thika saa kumi na mbili asubuhi tukiwa 11. Gatura kulikuwa na kajua, tukapunguza upepo kwa tairi tukaanza kupanda marram, barabara ya udongo na kokoto, ya msitu wa Aberdare kwenda Njabini. Tukiwa ndani kabisa ukungu ukashuka, na si ule wa Limuru mnapita kila asubuhi, hapa nilikuwa naona gurudumu langu na kokoto za hatua tano hivi mbele, basi. Ukiwasha taa full, mwanga unakurudia machoni. Kioo cha helmeti kinaloa nje, ndani kinashika mvuke, ukikifungua macho yanajaa maji. Na marram ikiloa huwezi gusa breki ya mbele, gurudumu linakukimbia, unashuka gia na kushika ya nyuma pole pole, na hiyo inataka nafasi. Nafasi hatukuwa nayo. Mtu akikaa mbali anapotea, akikaribia anakugonga.

Kwa kona nikaona taa moja, nikadhani ni pikipiki, nikasogea kushoto kidogo tu. Kumbe ni lori la viazi kutoka Kinangop, taa ya pili imekufa. Turubai yake ilikunja kioo changu cha pembeni. Nikasimama nikahesabu taa nyuma yangu, zikawa 9 badala ya 10. Nilirudi kwa miguu nikipiga filimbi hadi nikampata mwenzetu kwa mtaro, hakuumia ila lever ya klachi ilikuwa imekatika.

Hapo ndio nikasema tunarudi. Ni uamuzi wangu na sijutii. Deposit ya gesti Njabini, 22,000, ilienda, na wanaotaka irudishwe wajue klabu haina hizo pesa. Mnasema ukungu uliinuka saa sita, ni kweli uliinuka, lakini saa tatu nani alijua? Na wanaosema zaidi hawakuwa hapo. Ile lever nilinunua mimi kwa mfuko wangu, hakuna aliyeniuliza.

Pesa: tuko 34, ada ni 3,000. Waliomaliza ni 13, nusu wamelipa 6, jumla 48,000. Ukitoa hiyo deposit, 14,500 za mafunzo na 6,000 za mikutano, zimebaki 5,500. Wengine wamenunua pannier mpya, yale masanduku ya pembeni ya pikipiki, mwaka huu na ada hawajalipa, hii imeniuma. Mkutano wa Machi walikuja 9, Septemba 6, na chai ya watu 30 ilikuwa imelipwa. Mimi nimekuwa kila mkutano na kila safari.

Mwaka ujao Mungu akipenda tutajaribu Njabini tena, pengine Februari kukiwa kumekauka, na tukipata pesa tununue redio za helmeti angalau ya wa mbele na wa nyuma. Marsabit pia tunaiangalia. Ada ni kwa namba ile ile ya mweka hazina.

Mwenyekiti